Mchumba anadhani nachati na mtu, kumbe naandika fanfiksheni: nimwambie?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, nimeacha kiini:

"Shikamoo dokta. Nina miaka 30, mhasibu. Tangu nipo chuo naandika fanfiksheni za anime, zile katuni za Kijapani, yaani nachukua wahusika walewale nawatungia visa vipya, na mtandaoni nina wasomaji wengi kuliko watu wote ninaosalimiana nao kwa wiki. Hakuna anayejua. Kazini wanajua tu 'anapenda kusoma'. Shida ni mchumba wangu, tunaoana miezi michache ijayo, kila akiingia nafunga laptopu fasta, juzi akaniuliza kwa upole kabisa, unachati na nani? Nikasema kazi za ofisi. Hivi wengine wenye hobi kama hizi wanasema au wanakaa kimya? Nimwambie? Na ofisini je? Halafu nina kidoli cha mhusika ninayempenda, cha kuning'iniza kwenye begi, kipo kabatini mwaka wa pili naogopa kukitoa."

Marahaba mdogo wangu. Nikiri kwanza nimecheka, sio kukucheka wewe, nimejicheka mwenyewe, maana mi kwa miaka kama minne hivi nilikuwa napaka rangi vile vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, vidogo kuliko kidole gumba, usiku watu wakishalala nasogeza taa, navaa miwani, brashi ina nywele tatu, alafu asubuhi nafika kazini nina dhahabu kwenye kucha. Mtu akiuliza nasema nilikuwa napaka geti. Geti langu lilipakwa rangi mwaka mzima, tena kila wiki rangi mpya, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo geti ni la ikulu au la nini. Na mi ndo huyohuyo nakaa kwenye kiti kuwaambia watu wasibebe mambo peke yao. Kwahiyo nakujibu kama mshauri nasaha ila ujue ugonjwa wako naujua kwa kuuugua.

Umeuliza wengine wanafanyaje. Kwa niliowasikiliza miaka yote hii, wanaosema kwa kila mtu ni wachache na wanaoficha kwa kila mtu ni wachache vilevile, wengi wako katikati, dada mtu anajua, mama hajui, rafiki mmoja wa kazini anajua nusu, na mtandaoni wapo watu mia mbili wanajua kila kitu isipokuwa jina lake. Na jambo lenyewe limezoeleka mpaka limepewa majina. Wakorea wana neno ilko, ni kifupi cha maneno yenye maana ya kosplei (kujivalisha kama mhusika) ya mtu wa kawaida, yaani shabiki anaamka asubuhi anavaa ukawaida kama vile mwenzake anavyovaa wigi na upanga wa plastiki, anaenda kazini, anaongelea hali ya hewa, jioni anarudi anavua. Siku akiamua kusema nako kuna neno lake, deokmingaut, ni kujitangaza kwamba jamani na mimi ni shabiki kindakindaki. Wajapani wao wanasema kakure otaku, otaku (shabiki kindakindaki) aliyejificha, na hilo kakure ndo lilelile wanalotumia kwa Wakristo waliojificha enzi zile dini yao ilipopigwa marufuku kule, kwahiyo ukiona unafunga laptopu kwa kishindo ujue kuna watu wanaona huo ujificho unastahili neno zito kama hilo.

Alafu nchi hiyohiyo ya Japani ina watu wa upande wa pili kabisa, wanatembea na begi lililojazwa vibeji vya mhusika mmoja, mia na zaidi, mbele pote pamefunikwa huoni kitambaa. Begi hilo wanaliita ita-bag, na hilo ita linatokana na neno la maumivu, yaani linauma kulitazama. Wamelipa wenyewe jina la kujitania na wanalibeba. Mi huwa nawapenda sana hawa watu, kwa sababu ukishajitania mwenyewe mtaa mzima unakosa cha kusema.

Sasa kwa nini tunaficha, maana hakuna sheria uliyovunja, hujamla mtu hela yake. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu naona ndipo ulipofungwa.

Fikiria mtu mzima amejipaka uso rangi mbili, amevaa jezi yenye jina la mwanaume mwenzake mgongoni, amepiga kelele dakika 90, amelia machozi kwa sababu mpira umegonga mwamba, kesho kazini amenuna na bosi anamwelewa, tena anampa pole. Alafu we umekaa kimya chumbani unaandika sura ya 14 ya stori yako, hujamsumbua jirani, na we ndo unaona aibu. Ukiangalia mapenzi yenyewe yanalingana, muda unalingana, hela nahisi ye anatumia zaidi. Kinachotofautiana ni cheo cha hobi. Kuna hobi zimepewa kiti mbele na nyingine zinasimama nje, na ukichunguza utaona za nje mara nyingi ni zile zinazohesabiwa za watoto, au za wasichana, au za watu wasiotoka sana. Mtafiti mmoja, Joli Jensen, aliandika mwaka 1992 kuhusu hili, kwamba mtu akipenda vitu vyenye hadhi tunamwita mjuzi, akipenda vitu visivyo na hadhi tunamwita shabiki na tunaanza kumtafutia ugonjwa. Na neno lenyewe la Kiingereza, fan, limekatwa kutoka kwenye neno la mtu aliyepagawa, ukilifuata mpaka Kilatini unafika fanum, hekalu, yaani mtu aliyepandwa na mizuka ya hekaluni. Kwahiyo jina lilikuja na tuhuma yake ndani.

Ndo maana mtu mwenye cheo akisema hobi ileile watu wanaona ni utamu tu. Henry Cavill, yule mwigizaji mwenye kifua, anasema hadharani kwamba anapaka vijisanamu vya Warhammer, mchezo wa vita wa mezani kama ule wangu, na watu wanaona jamaa ana utu. Mi nikisema napaka, mtu anauliza una umri gani. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda anga za juu, mwaka 1992, alikuwa mpenzi wa Star Trek, tamthilia ya safari za anga za juu, tangu mtoto na akiwa huko juu alikuwa anafungua zamu zake kwa maneno ya yule afisa wa mawasiliano wa kwenye ile tamthilia, mwaka uliofuata akaigiza kabisa kwenye Star Trek ya wakati ule. Watu walipiga makofi. Lakini kumbuka miaka sita tu kabla, 1986, kipindi kikubwa cha vichekesho cha televisheni ya Marekani kilikuwa na kichekesho mashabiki wa Star Trek wanamuuliza mwigizaji wao maswali ya kipuuzi na ye anawafokea watafute maisha, nchi nzima ikacheka. Kikawa kidonda kwa wale watu, mpaka mwanazuoni Henry Jenkins alipoandika kitabu chake kuhusu mashabiki mwaka 1992 alianzia hapohapo kwenye kile kichekesho.

Na ipo ya 1996 naipenda kuliko zote. Kwenye kesi moja iliyovuma, ya Whitewater, kule Arkansas, mama mmoja aliitwa kukaa na baraza la wazee wa mahakama kama mjumbe wa akiba, akaja mahakamani amevaa sare kamili ya Star Trek, na vifaa vyake pembeni. Alisema anaamini maadili ya ile tamthilia. Baadaye hakimu akamwondoa na watu wengi mpaka leo wanadhani aliondolewa kwa ajili ya sare, wapi, sare ilivumiliwa vizuri tu, kilichomwondoa ni kuongea na waandishi wa habari wakati wajumbe walikatazwa. Yaani ule uwazi wa mavazi haukumponza, kilichomponza ni kutokujua nani anaruhusiwa kusikia nini. Hebu lishike hilo tutalirudia.

Tuje kwako. Umesema "hakuna anayejua" na ukaiandika kama jambo dogo. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Michael Slepian, mwaka 2017 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliopitia siri zaidi ya 13,000, na walichokuta kinashangaza kidogo. Wote tulidhani siri inachosha pale unapoificha, pale unapofunga laptopu. Kumbe muda huo ni mchache sana. Inayochosha ni ile akili kuirudia siri ukiwa peke yako, unaoga unaiwaza, uko kwenye daladala unaiwaza, hakuna anayekuuliza chochote na bado unaandaa majibu. Wanaoirudiarudia kichwani ndo walioripoti hali mbaya zaidi, sio wanaoificha mara nyingi mbele za watu. Sasa jiulize we mwenyewe, kidoli cha kabatini umekiwaza mara ngapi mwezi huu? Mi geti langu nililiwaza kila siku.

Ila sitaki ukimbilie upande wa pili na kusema basi nitasema kwa kila mtu nipone. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, sawa, lakini hata anayezaa hauonyeshi uchi sokoni, anaonyesha kwa mkunga. Kuna kuficha na kuna kutunza. Kutunza ni pale jambo lipo mahali pake, halikusumbui, na mtu sahihi akiuliza utasema. Kuficha ni pale unaongopa. Ofisini kusema "napenda kusoma" ni kutunza, hujamdanganya mtu, fanfiksheni ni kusoma pia. Kumwambia mchumba "kazi za ofisi" huo ni uongo, mdogo, naelewa, umetoka kwa hofu, lakini ni uongo, na ye kaondoka nao akaenda kuulalia.

Hebu kaa kwenye kiti chake dakika moja. Anaingia chumbani, mwanamke anayetarajia kumuoa anashtuka, anafunga kifuniko paa, mashavu yamewiva, anasema ni kazi za ofisi saa 5 usiku. Ye hana neno fanfiksheni kichwani, kwahiyo anajaza nafasi kwa kitu anachokijua, na kitu anachokijua ni mwanaume mwingine. Yaani siri yako ambayo uzito wake ni kama kitambaa, kwenye kichwa chake imeshakuwa jiwe. Ndo maana kwa mchumba jibu langu ni ndio, mwambie, tena wiki hii. Sio kwa sababu wapenzi lazima waambiane kila kitu, siamini hivyo hata kidogo, ni kwa sababu ameshauliza, na kwa sababu mtaishi nyumba moja, na hobi inayokula masaa mawili kila usiku haifichiki kwenye ndoa, itagundulika, na jambo la kugundua huwa linaonekana kubwa mara kumi ya jambo la kuambiwa.

Namna ya kumwambia ndo kazi. Kosa wanalofanya wengi, na nimeliona mpaka nimechoka, ni kuliweka kama kutubu. Wanamkalisha mtu chini, "kuna kitu nataka nikwambie, naomba usinichukie", mwenzake moyo unaenda mbio, anawaza mtoto wa nje, anawaza virusi, anawaza deni, alafu inatoka "naandika stori za anime". Hapo vitu viwili vinatokea, ama anacheka kwa kupumua, na we unaumia kwamba amekucheka, ama anabaki na ule uzito wa utangulizi na kuanza kuona kumbe ni jambo baya kweli maana hata mwenyewe aliogopa. Mtu anajifunza namna ya kuipokea habari kutoka kwenye sura ya anayeileta. Ukiileta kama msiba ataipokea kama msiba.

Kwahiyo iseme ukiwa unafanya kitu kingine. Mnaosha vyombo, mnatembea. Anza na ule uongo, uvute kabisa: "juzi uliniuliza nachati na nani nikakwambia kazi za ofisi, haikuwa kazi, nilikuwa naandika stori, naandika tangu chuo, nilikuona nikaona aibu." Inatosha. Nyamaza. Atauliza stori gani. Mwambie kuna mashabiki wanachukua wahusika wa anime au tamthilia wanaandika visa vipya, watu wanasoma bure na kuandika bure. Usianze na historia ya wahusika wote 22 na nani alimsaliti nani msimu wa tatu, najua unatamani, subiri. Akitaka kujua kama ni jambo la watu wawili watatu wasio na kazi, mwambie mashabiki wa Star Trek walishakuwa wanachapisha vijarida vya stori zao mwaka 1967, wanatumiana kwa posta, na maktaba kubwa ya mtandaoni ya Archive of Our Own, ambayo mashabiki waliijenga wenyewe wakaifungua 2009, ilipewa Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi na za kufikirika, mwaka 2019, na mmoja wa waanzilishi wa shirika linaloiendesha ni Naomi Novik, mwandishi wa riwaya anayejulikana na anayesema wazi kwamba anaandika fanfiksheni. Hii sio ya kujitetea, usije ukaitoa kama wakili, ni ya kumpa picha tu.

Sasa lile la mahakamani. Kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya, hobi na akaunti. Kusema naandika ni kitu kimoja. Kutoa jina unaloandikia ni kitu kingine kabisa na hakuna anayekidai kwa haki, hata mume. Wapo mashabiki wengi wamekaa kwenye ndoa miaka, mwenzake anajua anaandika, anajua anaandika kuhusu nini, anampelekea chai, na hajawahi kusoma mstari, na wako fresh. Maana ule uandishi ni mzuri kwa sababu unaandika bila kumwona mtu unayemjua anasoma. Siku ukijua mama mkwe anaweza kufika sura ya 9, kalamu inakauka. Kwahiyo unaweza kumwambia kwa amani kabisa: hobi yangu ni hii, jina langu la kule naomba libaki langu, nikiwa tayari nitakuonyesha stori moja nitakayochagua mwenyewe. Mtu anayekupenda atauma mdomo kidogo kwa udadisi na ataelewa.

Na ukishamwambia, siri haiko kwako tena peke yako, na ye ana hisa. Mtafiti wa mawasiliano Sandra Petronio ana nadharia nzima kuhusu hilo, kwamba ukimwambia mtu jambo lako anakuwa mmiliki mwenza, na ugomvi mwingi unatokea kwa sababu wamiliki hawakukubaliana masharti. Ye atadhani ni kitu kizuri, atakisifia mbele ya ndugu zake kwenye kikao, "mwenzenu ni mwandishi", kwa nia njema kabisa, na we utatamani ardhi ipasuke. Kwahiyo siku hiyohiyo sema: hii ni yako na yangu, akiuliza mtu mimi ndo nitasema. Watu wanasahau hatua hii kuliko zote.

Kuna jambo hujaandika nami sikuulizi, ila wengi wanaoandika barua kama yako huwa nalo, kwamba baadhi ya stori zina mambo ya kikubwa, au zina wapenzi wa namna ambayo familia yako haitaki hata kusikia. Kama ni hivyo, bado hobi unaweza kuisema. Lakini hapo hofu yako sio aibu ya bure, ni hesabu. Kuna nyumba na kuna ofisi ambazo mtu anaweza kupoteza kitu cha kweli, kazi, makazi, usalama, na mtu wa nje anayemwambia "kuwa wewe, usijali watu" hatakuwepo siku ya kuhamisha vitu. Ukiwa kwenye hali hiyo kaa kimya na usijione mnafiki, na fanya usafi: barua pepe ya kule isiwe ya kazini, picha ya profaili isiwe ile ya kwenye Wasapu yako, jina la kule usilitumie popote pengine, na usiandikie kwenye kompyuta ya ofisi hata kama bosi yuko likizo, kompyuta ya ofisi ni ya ofisi. Kwenye ile maktaba niliyoitaja unaweza kufunga stori zako zionwe na wenye akaunti tu, na ukichoka kabisa kuna kuiacha stori yatima, inabaki wasomaji wanaisoma ila jina lako linatoka. Wengi wanafuta kila kitu kwa hofu usiku mmoja, asubuhi wanalia, wakati mlango huo upo.

Ofisini. Hapa sina haraka kabisa. Mwanasosholojia Erving Goffman alishasema zamani, miaka ya 1950, kwamba tunaishi kama wacheza jukwaa, kuna mbele na kuna nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia sio uongo, ndipo watu wanapumzikia. Wenzako kazini hawana haja ya kujua unapumzikia wapi. Tatizo la siku hizi ni kwamba mapazia yanaanguka yenyewe, unaposti kitu kimoja anakiona bosi, shangazi, mwanafunzi mwenzako wa zamani na mteja, wote kwa mpigo, na kila mmoja alikuwa anakujua kwa sura tofauti. Watafiti Alice Marwick na danah boyd waliandika kuhusu hali hii mwaka 2011, kwa Kiingereza inaitwa context collapse, yaani makundi ya watu uliokuwa umeyatenganisha yanaporomokea sehemu moja, na tangu hapo imezidi. Ndo maana mi nawaambia watu uwazi wa uso kwa uso ni salama kuliko wa stetasi. Uso kwa uso unachagua mtu, unaona macho yake, unaweza kusimama katikati. Stetasi ikitoka imetoka, na kuna mtu ameshachukua skrinishoti.

Kama unatamani mtu mmoja wa kuongea naye kazini, pima kwa kijiko. Taja anime yenyewe tu siku watu wanaongelea walichoangalia wikiendi, sema "mi naangalia anime", uone nani anainua kichwa. Wanasaikolojia Altman na Taylor, mwaka 1973, walifananisha urafiki na kumenya kitunguu, ganda kwa ganda na kila mtu anamenya la kwake, kwahiyo ukimenya ganda moja subiri mwenzako naye amenye la kwake kabla hujafika kwenye lile la machozi. Asipomenya, umesema tu unaangalia katuni za Kijapani, hakuna aliyekufa. Akimenya, utashangaa, maana mi yule niliyemdanganya geti siku moja alinitazama kucha akasema kwa sauti ya chini, "hiyo dhahabu unaichanganya na nini isiwe na madonge?" Miaka minne. Ye alikuwa na jeshi zima kwao, mi nazungumzia geti.

Ndugu na wazazi, sina mengi. Wakiuliza jibu, wasipouliza wana mambo yao. Mama yako akijua unaandika atataka kujua wanakulipa shilingi ngapi, ukisema hawalipi mazungumzo yatafika mwisho yenyewe.

Na kidoli. Kitoe. Nakwambia kwa sababu cha kwenye begi ni ganda la nje kabisa la hicho kitunguu, kwa mtu asiyejua ni kidoli tu, kizuri, kina nywele za bluu, na kwa anayejua ni salamu. Mashabiki wengi wanafanya hivyo makusudi, wanachagua kitu ambacho wa nje hawezi kukisoma na wa ndani anakisoma akiwa upande wa pili wa barabara. Akikuuliza mtu "hicho nini?" usianze kutetemeka, mwambie ni mhusika wa anime niliyoipenda nikiwa chuo, na hiyo ni kweli tupu, na hujamwambia kitu kingine chochote. Ila kifunge na pete ya chuma, ile kamba nyembamba inayokuja nacho huwa inakatika.